Safari ya Orlando na Hesabu Zisizoonekana Pichani

Katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, yanayowaunganisha Watanzania na Wakenya walioko Houston, London na Maskati na ndugu zao wa Tanga, Morogoro na Kisumu, hakuna picha inayotafsiriwa vibaya kwa haraka kama ile ya watoto waliosimama mbele ya kasri la Magic Kingdom huku wamevaa kofia zenye masikio ya panya. Nyumbani picha hiyo husomwa kuwa ni tangazo la utajiri, na kabla jua halijatua ujumbe wa faragha huwa umeanza kumiminika: karo ya muhula ujao, paa la nyumba ya bibi lililoishia nusu, mtaji wa bodaboda. Tafsiri hiyo inaudhi, na haiudhi kwa sababu ndugu ameomba, maana kuomba ni sehemu ya undugu, bali kwa sababu inafuta kwa neno moja, "wameshapata", miezi mingi ya kujinyima iliyoifikisha familia hiyo pale ilipopigia picha.

Walt Disney World, ambayo ni mkusanyiko wa bustani za burudani, yaani viwanja vikubwa vyenye uzio ambamo mgeni akishalipa kiingilio hupanda treni za kasi, hutazama maonyesho na kukutana na wahusika wa filamu za katuni, ilifunguliwa karibu na Orlando, katika jimbo la Florida, tarehe 1 Oktoba 1971. Wakati huo kulikuwa na bustani moja tu, Magic Kingdom, na kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50, ingawa michezo mingi ilihitaji tiketi za ziada. Leo bustani ni nne, bei hupanda na kushuka kulingana na tarehe, na mwaka 2024 tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom katika siku za bei ya juu kabisa, kama zile za sikukuu za Desemba, ilifika dola 189 kwa mtu mzima, kiasi kwamba baba, mama na watoto wawili walizidisha dola 700 kabla hawajala, hawajalala wala hawajaegesha gari. Tena kuanzia 1999 mgeni aliweza kupewa bila malipo nafasi ya kupanda kwa saa maalumu pasipo kusimama kwenye foleni ndefu, lakini tangu 2021 nafasi hiyo inauzwa, na sasa inaitwa Lightning Lane. Uamuzi huo unastahili kulaumiwa kuliko bei ya tiketi yenyewe, kwa kuwa umewatenga watoto wakiwa tayari wamekwisha kuingia ndani, mmoja akipita upande wa waliolipa na mwenzake akibaki juani kwa saa nzima.

Wamarekani wa kipato cha kawaida hulipaje gharama hizo? Jibu la kwanza, ambalo ndugu wa nyumbani hawalioni, ni deni. Uchunguzi wa kampuni ya LendingTree wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 18 waliowahi kwenda Disney waliingia katika deni kwa ajili ya safari hiyo, kwa wastani unaokaribia dola 2,000, na wengi wa waliokopa walisema hawajutii. Deni hilo kwa kawaida ni la kadi ya benki, yaani mkopo usio na dhamana unaochukuliwa kila kadi inapopitishwa kwenye mashine, na kwa viwango vya riba vya miaka hii, ambavyo kwa wastani vimepita asilimia 20 kwa mwaka, kofia yenye masikio iliyonunuliwa kwa mkopo inaweza kuendelea kulipiwa hata baada ya mtoto aliyeivaa kuisahau.

Jibu la pili ni kalenda, na hapo ndipo uhodari wa wazazi unapoonekana. Mtoto asiyetimiza miaka 3 huingia bure, na aliyetimiza 10 hukatiwa tiketi ya mtu mzima, kwa hiyo wapo wazazi wanaoanza kuhesabu tangu mtoto wa mwisho akiwa tumboni, wakitafuta mwaka ambao mdogo bado hajalipiwa na mkubwa amekwisha kufikisha kimo kinachotakiwa katika Space Mountain, ambacho ni sentimita 112. Wengine huwatoa watoto shuleni mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Septemba, wakati bei zimeshuka, jambo ambalo Uingereza lina adhabu yake, kwa kuwa tangu Agosti 2024 mzazi wa England anayemtoa mtoto shuleni bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto, na bado wapo wanaopiga hesabu na kuona kwamba faini ni nafuu kuliko nauli ya mwezi Agosti.

Mfano wa familia moja ya Watanzania wa Houston unafaa kutazamwa kwa karibu. Mama, ambaye anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwa zamu za usiku, hulipwa kila baada ya wiki mbili, na kila siku ya malipo anapokwenda kununua mchele, maziwa na kuku huongeza kwenye toroli kadi ya zawadi ya Disney ya dola 50, yaani kadi ya plastiki iliyokwisha kulipiwa, isiyopitwa na wakati na isiyoweza kutumika nje ya biashara za kampuni hiyo. Akifika nyumbani huitia kadi hiyo katika bahasha ya kaki iliyo chini ya vijiko katika droo ya jikoni, na juu ya bahasha huandika jumla mpya kwa kalamu baada ya kuikata ile ya zamani. Faida kubwa ya bahasha hiyo si punguzo la bei, bali ni kwamba fedha iliyogeuzwa kadi haiwezi kulipa bili ya umeme wala kutumwa kwa simu usiku wa manane pale shemeji anapopiga kusema mambo yamekwama. Ni kibubu kile kile cha mbao cha utotoni, ambacho kilipigiliwa misumari ili mwenye nacho asijihurumie.

Sehemu iliyobaki hutoka kwenye marejesho ya kodi, yaani kiasi ambacho serikali humrudishia mfanyakazi aliyekatwa zaidi ya alichostahili kukatwa, pamoja na nafuu maalumu, iliyoanza 1975, kwa wafanyakazi wa kipato kidogo wenye watoto. Fedha hizo hufika kuanzia Februari zikiwa fungu moja, na kwa familia nyingi ndilo fungu kubwa pekee la mwaka. Gari huendeshwa zaidi ya kilomita 1,500, wazazi wakipokezana usukani, na malazi hutafutwa Kissimmee, nje ya eneo la Disney, katika nyumba ya kupanga yenye jiko, kwa kuwa mgeni anaruhusiwa kuingia bustanini na chakula chake na maji ya kunywa hutolewa bure kwenye vibanda vya chakula. Picha iliyotumwa kwenye kundi la ukoo haikuonyesha chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha ndani ya begi la mgongoni.

Nyumbani mambo ni kinyume. Kiingilio cha raia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa miaka mingi kimekuwa shilingi elfu chache tu, na bado kwa Watanzania wengi ziara pekee ya Mikumi ni ile ya dirisha la basi, kwa sababu barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, na abiria huamshana kumwangalia twiga kabla dereva hajapita. Fedha za kumpeleka mtoto kutazama wanyama hukosekana mpaka shule itangaze ziara, ilhali ukoo huo huo huchangisha mamilioni kwa ajili ya ukumbi wa harusi, ukiwa na kamati, mwenyekiti, mweka hazina na kadi za mchango zinazofuatiliwa kwa simu bila aibu. Uwezo wa kukusanya fedha upo, tena mkubwa kuliko wa jirani wa Houston ambaye hana wa kumchangia isipokuwa benki, lakini furaha ya mtoto haijapewa kamati.

Hata ughaibuni akina mama wa Kiswahili wana upatu, ambao Wakenya huuendesha ndani ya chama na wengine huuita mchezo: wanawake kumi wakitoa dola 300 kila mwezi, kila mmoja hupokea dola 3,000 katika zamu yake bila senti moja ya riba. Anayepokea akitangaza kwamba amenunua kiwanja Kigamboni hupigiwa vigelegele, ila anayetaka kuwapeleka watoto Orlando hudai ana dharura, au hukaa kimya na kwenda kukopa kwenye kadi. Aibu hiyo haina sababu. Kifurushi cha Disney, yaani malazi na tiketi zilizonunuliwa pamoja, huwekewa malipo ya awali ya dola 200, na salio lote hudaiwa siku 30 kabla ya kuwasili, kwa hiyo mama mwenye safari anachohitaji ni kumwambia kijumbe wa mchezo, mapema na kwa jina lake halisi, kwamba anataka zamu yake iangukie mwezi huo.