Kwa Mpwa Wangu Anayekitamani Kiti cha Jaji

Minneapolis

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia simu: umefaulu mtihani wa uwakili wa Minnesota, na tayari umetangaza kuwa lengo lako ni ujaji. Hongera kwa hilo la kwanza. Hili la pili tulizungumze.

Kwetu Tanzania kijana hutoka Shule ya Sheria, akaomba uhakimu, akapanda ngazi taratibu. Hapa ngazi hiyo haipo. Katiba ya jimbo inataka tu jaji awe amebobea katika sheria, yaani awe wakili mwenye leseni, lakini usidhani kiti kinapatikana upesi. Mara nyingi nafasi huachwa wazi na jaji anayestaafu, na akitimiza miaka 70 sheria humstaafisha. Hapo tume ya uteuzi wa majaji huwahoji waombaji na kumpelekea gavana majina matatu hadi matano. Baadaye aliyeteuliwa hupigiwa kura, kisha kila baada ya miaka 6. Karatasi ya kura haitaji chama, na jina la aliye madarakani huwekewa alama ya kumtambulisha, kwa hiyo wengi hawapati hata mpinzani. Afadhali hivyo kuliko Texas, ambako majaji hugombea kwa tiketi ya vyama: wimbi likigeuka, humzoa mzuri pamoja na mbovu.

Kwa hiyo mlango wako hasa ni ile tume, nayo huulizia habari zako kwa mawakili, wakiwemo uliopambana nao. Kesi uliyoshinda kwa hila leo, mwenzako ataikumbuka miaka kumi na tano baadaye simu yake itakapolia.

Anza kama msaidizi wa kisheria wa jaji. Utaandika rasimu za amri na kuona mambo yanavyopikwa. Kisha nenda kwenye ofisi ya mawakili wa umma, wanaotetea wasio na uwezo. Mshahara mdogo, mafaili tele, lakini utasimama mahakamani kila siku. Kampuni kubwa zitakulipa vizuri ukae miaka bila kumhoji shahidi hata mmoja. Mama yako hatapenda ushauri huu.

Nimekuwa mkalimani katika mahakama za kaunti ya Hennepin tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na jaji mimi humpima kwa jambo dogo. Mwingine hunitazama mimi na kusema, “Muulize kama ameelewa.” Mwingine humtazama mshtakiwa machoni na kumwambia, “Umeelewa?” Sauti yangu ni ile ile, ila mama wa Kikongo aliyeshtakiwa kwa kuendesha gari bila leseni hujua kama anazungumziwa au anazungumzishwa. Asubuhi moja ya makosa madogo huwa na watu wengi, kila mmoja dakika chache, na hapo ndipo uvumilivu wa jaji huonekana, kuliko kwenye kesi ya mauaji yenye waandishi wa habari.

Maombi ya usaidizi wa jaji yapeleke mapema. Na mwambie mama yako aache kukuita Mheshimiwa mbele ya wageni.

Mjomba wako