Mtoto wa Selimundu Amebaleghe

Zamani kwetu Pwani, mtoto mwenye selimundu alipotajwa msikitini, mara nyingi alitajwa kwa kuombewa rehema. Maradhi haya yameandamana na malaria, ndiyo maana yameenea Pwani na pande za Ziwa Victoria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa anayerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Leo, alhamdulillahi, chanjo, penisilini na haidroksiyurea zimewavusha wengi utotoni. Basi hata maswali ninayoletewa baada ya alasiri katika Msikiti wa Jamia, hapa Nairobi, yamebadilika. Mama mmoja wa Kawangware aliniuliza iwapo bintiye wa miaka 19 afunge Ramadhani, na iwapo posa iliyokuja ipokewe bila ya kutaja maradhi. Binti mwenyewe ameshatolewa kliniki ya watoto. Kwenye ya watu wazima hukutana na daktari mgeni kila aendapo, akaanza kujieleza upya.

Kuhusu saumu, nilimwambia kwamba kukaukiwa na maji huweza kuamsha maumivu makali. Daktari mwaminifu akimkataza, binti ale bila ya dhambi, na kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona atoe fidia.

Kuhusu posa, nilimwambia asifiche.

"Sheikh, wakijua wataondoka."

"Mama, bora waondoke posani kuliko baada ya nikahi."

Kisha nikamfafanulia faida ya kipimo cha damu. Mchumba akiwa hana kasoro hiyo, watoto wao wataibeba tu bila ya kuugua selimundu. Akiwa ameirithi kwa mzazi mmoja, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa mtoto mgonjwa. Na kabla ya kushika mimba, binti amwone daktari, kwani hata dawa anazokunywa huenda zikabadilishwa.

Ndugu zangu, waliokuwa watoto sasa ni wachumba, wafanyakazi na wazazi. Wanahitaji kuangaliwa figo, macho na nyonga, na kuwa na daktari anayewajua. Wazazi, waandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na muwafunze kusimamia dawa zao wenyewe. Nasi mashekhe na wazee wa posa, tuulize kipimo cha damu kabla ya kutaja mahari.