Siku Hizi Nungwi Tunaendea Kazi

Limevunjwa lile duka lililokuwa kwenye njia ya kuteremkia pwani, na mjukuu wangu ndiye aliyeniletea habari. Alishuka garini kutoka kazini, akavua viatu, akaniambia: "Babu, lile banda bovu la mawe nyuma ya jiko letu wamelitia greda. Patajengwa maduka ya vinyago." Nikamuuliza kama anajua lilikuwa la nani. Akanijibu kuwa la hoteli. Kijana huyu anakata vitunguu na kuparura samaki Nungwi siku sita kwa wiki, na kwa imani yake Nungwi ni ya mahoteli tokea dunia kuumbwa, na sisi asili yetu ni Mkwajuni.

Simlaumu sana. Kazaliwa Mkwajuni, kasoma skuli Mkwajuni, na alipovunjika mkono alifungwa hogo hospitali ya Kivunge. Nungwi kwake ni mwisho wa safari ya daladala ya 116, pahala pa kwenda asubuhi na kurudi magharibi. Lakini yeye ndiye atakayewasimulia wanawe, na nikinyamaza mimi watasimuliwa hivyo hivyo.

Duka lile lilikuwa chumba kimoja, kuta za mawe na chokaa, paa la makuti, baadaye la mabati. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mrefu, haonekani bila ya kofia, na alikuwa na tabia ya kukuangalia mikono kabla hajakuangalia uso. Jina lake silitaji. Watoto wake wapo na sijawaomba ruhusa. Aliuza mafuta ya taa kwa chupa, chumvi, sabuni ya mche, tumbaku, ndoana, nyuzi za mshipi, misumari ya mafundi wa vyombo, na pamba ya kalafati aliyoifunga mafundo na kuining'iniza darini ili panya wasiipate. Pembeni, nyuma ya gunia la sukari, kulikuwa na pipa la sifa.

Vijana wa leo wakisikia sifa wanadhani ni kusifiwa. Hii ninayoisema mimi ni mafuta ya maini ya papa. Maini hutiwa kwenye chombo, huachwa juani mpaka yakaoza na kuyeyuka, na mafuta yakielea juu huchotwa. Kila ubao wa jahazi na wa mashua unaobaki juu ya maji ulipakwa sifa ili usipasuke kwa jua na usinywe chumvi. Chini ya mkondo wa maji ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, usioruhusu mdudu kutoboa mbao. Basi pwani nzima ya Nungwi ilikuwa na harufu mbili: sifa juu, shahamu chini. Na kwa kuwa pipa lilikaa jirani na gunia, sukari yetu nayo ilinuka. Nimekunywa chai yenye harufu ya papa utoto wangu wote, na siku niliyokwenda kwa shangazi yangu Mjini, Vikokotoni, nikapewa chai isiyonuka, niliiona haina ladha.

Wageni wa siku hizi wangeziba pua. Sisi harufu ile ilitwambia kuna kazi. Ikizidi, ujue kuna chombo kinakaribia kushuliwa, na chombo kikishuliwa kuna kitoweo. Mafundi walikaa chini ya mikungu na vibanda vya makuti, tezo zinapiga tangu alfajiri, mbao za mwembe huku, mataruma ya mtondoo kule. Hakuna aliyechora ramani. Fundi aliulaza mkuku mchangani, akauzunguka, akaukodolea jicho moja, na jahazi lote likatoka kwenye jicho hilo. Siku ya kushua, maji yakiwa ya bamvua, kijiji kizima kilishika kamba, skuli ikabaki tupu, na mwenye duka naye alifunga mlango akaja kuvuta. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka.

Ajabu yake kubwa ilikuwa daftari. Alikopesha kila mtu, lakini hakuandika tarehe za kalenda. Aliandika giza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, na wavuvi wanalala majumbani. Kwa hiyo deni la Nungwi lilikuwa na misimu yake. Ukienda mwezi mpevu kuomba kibaba cha mchele, alikupa bila ya maneno, akaandika jina lako na "giza linaloingia". Giza likiingia usipotokea, hakukudai. Aliamkia pwani asubuhi na kusimama karibu na chombo chako kimya, mikono nyuma, mpaka aibu ikakulipisha. Mabenki ya leo yanatuma ujumbe wa simu usiku wa manane. Yule bwana alikuwa na adabu kuliko benki.

Lini alifunga? Nimewauliza wawili wa rika langu. Mmoja anasema kabla ya uchaguzi wa 1995, mwengine anaapa ilikuwa baada, kwa kuwa alinunua pale betri za redio za kusikilizia matokeo. Na iwe hivyo. Nijualo ni kwamba alipofunga, nyumba za wageni zilikuwa zimeshaanza kuota upande wa magharibi wa rasi, vyumba vitatu vitatu vya makuti, na wazungu vijana wenye mabegi mgongoni walikuwa wakiteremka kwenye magari ya mbao wametapakaa vumbi, maana lami ilikuwa bado kutufikia. Wakati huo huo tulikuwa na bwawa la kasa pale Mnarani, lililoanzishwa 1993, na wazee wakishangaa: kasa tuliyemla jana leo analipiwa kiingilio.

Hapa ndipo pa kueleza jambo ambalo mjukuu wangu na wenzake hawalijui, nalo ndilo lililotuhamisha. Tangu Mapinduzi, ardhi ya Unguja na Pemba ni ya Serikali. Mwananchi alichokuwa nacho ni vipando na jengo lake. Ndiyo maana kwetu mtu alikuwa akisema ana minazi kumi na miwili, hasemi ana eka ngapi. Sheria ya ardhi ya 1992 ilikuja kuweka hati za matumizi, lakini sisi tulibaki na hesabu za minazi. Akaja mtu na mkoba, akawahesabia wazee minazi yao mmoja mmoja, akatoa bei ya mnazi iliyokuwa nzuri kuliko nazi za miaka kumi, na mzee akatia dole gumba akiamini ameuza miti. Kumbe kivuli, mchanga ulio chini yake, njia ya kwenda majini na upepo wa kaskazi vyote vimekwenda pamoja na mnazi. Wengi waligundua siku ukuta ulipoinuka.

Hatukufukuzwa, na hili nalisema wazi kwa sababu wapo wanaopenda kusema tulifukuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango mkubwa wa kampuni ya Kiingereza kuichukua karibu rasi yote, mahoteli kwa mahoteli, na huo ungetuhamisha kwa mkupuo mmoja. Kijiji kilichemka, kelele zikafika mpaka Ulaya, mpango ukafa. Tukashangilia. Kisha tukakaa tukauza wenyewe, kipande kipande, huyu kwa mahari ya binti, yule kwa safari ya Makka, wa tatu kwa sababu mwenzake ameuza. Lile lililoshindwa kuingia kwa mlango mkubwa liliingia kwa madirisha.

Nyumba ya baba yetu ilikuwa ya ndugu sita. Tulipogawana, fungu la kila mmoja halikutosha kuweka vitanda viwili, na bei ya chumba cha kupanga Nungwi ilikuwa imeshapanda, kwa kuwa wapangaji sasa walikuwa wafanyakazi wa hoteli kutoka Bara, walimu wa kuzamia na mabaharia wa boti za utalii. Nikachukua fungu langu nikanunua kiwanja Mkwajuni. Mama watoto alilia siku mbili. Alisema nampeleka kwa watu wa mihogo. Ni kweli tulikuwa tukiwadharau watu wa ndani. Mtu asiyejua kuogelea kwetu alikuwa hajatimia, na tulipomtania mtu tulimwambia anatembea kama anayekanyaga matuta.

Usiku wa mwanzo sikulala. Masikio yalitafuta mawimbi yakapata vyura. Lakini asubuhi nilichimba shimo la nguzo, na jembe likazama. Mtu wa Nungwi atanielewa. Kwetu shimo linachimbwa kwa mtaimbo, cheche zinaruka, hata kaburi ni kazi ya vijana wanne kwa zamu. Hapa jembe liliingia kwenye udongo mpaka mpini. Nilikaa pembeni ya lile shimo nikavuta sigara nzima nikiliangalia. Mwaka wa pili tulikula ndizi zetu, mchicha wetu, na mama watoto akaacha kusema habari za mihogo, kwa kuwa alikuwa akiiuza.

Nasema kweli, maisha ya ndani ni mazuri kwa mtu wa kipato kidogo. Soko liko karibu, Kivunge iko karibu, Kinyasini na Mkokotoni ni nauli ndogo. Watoto wana uwanja wa mpira wenye majani, si kama sisi tuliocheza mchangani tukisubiri maji yakupwe. Jumapili alfajiri kuna vikundi vya mazoezi, vijana kwa wazee wanakimbia barabarani wakiimba, na wenye baiskeli wanakwenda mpaka msitu wa Kiwengwa-Pongwe kuona mapango na kima. Jioni bao na drafti chini ya mwembe. Mtalii analipia baiskeli na mtu wa kumwongoza apite njia hizo. Wajukuu zangu wanazipita bure wakienda kuokota maembe.

Miaka iliyofuata niipitishe haraka, haina simulizi. Lami ilifika, umeme ukafika, ukakatika, ukarudi. Nyumba za makuti zikawa ghorofa. Zile za bei rahisi zikanunuliwa na za bei kali. 2020 wageni walitoweka, na ghafla kila mpishi na kila mhudumu wa baa akakumbuka ana jembe. Mwaka ule hapakubakia pori Mkwajuni halikulimwa. Walirudi wageni, majembe yakarudi darini. Mwaka 2024 waliingia Zanzibar watalii 736,755, na nadhani nusu yao walimpita mjukuu wangu jikoni.

Sasa alfajiri simama barabarani Mkwajuni uone. Sare nyeupe, sare za maua, vitambulisho shingoni, wanagombea 116 kwenda Nungwi. Hao si watu wa Mkwajuni peke yao. Nusu yao ni wajukuu wa mafundi wa majahazi na wavuvi wa dagaa, wanalipa nauli kwenda kutandika vitanda juu ya viambo vya babu zao. Wakifika getini wanapekuliwa mifuko kuingia, wanapekuliwa kutoka. Mimi mwenyewe nilikwenda mwaka jana kumzika rafiki yangu, nikataka kupita njia ya pwani kama zamani, na kijana wa ulinzi, mpole kabisa, akaniambia, "Shikamoo mzee, hapa hapapitiki, zunguka juu." Nilimwitikia nikazunguka. Majahazi bado yanajengwa, machache, mengi ni ya kupandisha watalii wakati wa machweo, na mbao zake zinapakwa rangi ya kopo. Haina harufu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mambo yale yale yanaanza tena, huku huku ndani. Wafanyakazi wasioweza chumba Nungwi walihamia Kidoti na Tazari. Sasa hata huko kumejaa, wanapanga kwetu. Bei ya kiwanja nilichonunua sithubutu kuitaja mbele ya wanangu. Na watu wenye mikoba wameonekana. Safari hii hawahesabu minazi. Wanaulizia uwanja wa mpira ni wa nani. Wazee wakijibu "wa kijiji", wanatabasamu na kuandika.

Wazee wa Mkwajuni, wa Gamba, wa Kidoti, nawaambia mimi niliyetoka mwisho wa barabara. Jibu la "wa kijiji" ndilo tulilotoa sisi tulipoulizwa habari za njia ya pwani, na halikumzuia mtu. Nendeni kwa sheha mwezi huu, si mwakani. Upimwe uwanja wa mpira, upimwe na mwembe wa bao, ipimwe njia ya kisimani, viandikwe kwa jina la shehia na hati ikae pahala panapojulikana. Na mwenye kuuza mnazi wake ajue kabla ya kutia dole kwamba hauzi mnazi.