Garimoshi lisilo na kichwa lapita msituni

Mtu aliyezoea garimoshi la Mombasa hutazamia kuona kichwa kikubwa kikivuta msururu wa mabehewa. Kule Sudbury, mji wa migodi ya nikeli katika jimbo la Ontario, Kanada, atashangaa. Garimoshi liendalo White River ni mabehewa machache tu ya chuma kisichoshika kutu, wala hayavutwi na chochote. Yanajiendesha yenyewe!

Siri yenyewe imefichwa chini ya sakafu. Huko ndiko ziliko injini za dizeli. Behewa la kawaida liliundwa na injini mbili, kila moja ya nguvu za farasi 275, na kibanda cha dereva kila upande ili lisihitaji kugeuzwa. Wakazi wa Nairobi waliyaona ya jinsi hiyo mwaka wa 2020, yalipoletwa yale yaliyokwisha kutumika Mallorca, Uhispania.

Haya ya Kanada ni wazee zaidi. Yaliundwa na kampuni ya Budd ya Philadelphia, Marekani, iliyoanza kazi hiyo 1949. Wakati huo reli nyingi ndogo zilikuwa zikila hasara. Injini nzima ya mvuke, dereva na mchochea moto wake, vyote hivyo kwa abiria thelathini! Behewa la Budd lilikwenda peke yake, na abiria walipozidi, mengine yaliunganishwa na dereva mmoja akayaongoza yote.

Boston and Maine ilinunua zaidi ya 100 kubebea wafanyakazi asubuhi na jioni. Western Pacific nayo ilituma behewa moja kutoka Oakland hadi Salt Lake City, karibu kilomita 1,500 za milima na jangwa. Hiyo ni kama Nairobi hadi Mombasa mara tatu. Safari hiyo ilikoma 1960, na miaka miwili baadaye Budd wakaacha kuyaunda, wakiwa wametoa 398.

Sasa turudi msituni. Kutoka Sudbury hadi White River ni kilomita 484 za miti na maziwa, na safari huchukua karibu siku nzima, mara tatu kwa wiki. Sehemu nyingi hazina barabara. Mvuvi hujitokeza kando ya reli, akapunga mkono kama anayesimamisha matatu, na garimoshi likasimama. Mtumbwi wake hupakiwa katika chumba cha mizigo, pamoja na masanduku ya chakula ya watu wanaoishi huko ndani.

Tatizo ni umri. Mabehewa haya yamepita miaka 60 na, ingawa yamekarabatiwa, hakuna kiwanda kinachounda mengine. Yakikwama kabisa, mwenye nyumba kando ya ziwa hana basi la kukimbilia.

Watoto nao wana sababu yao ya kufika White River. Hapo stesheni, mwaka wa 1914, mwanajeshi Harry Colebourn alinunua mtoto wa dubu kwa dola 20. Akamwita Winnie, akampeleka London, na ndiye aliyempa jina Winnie-the-Pooh wa vitabuni. Sanamu yake iko pale kijijini. Dereva hulala hapo, na asubuhi huingia kibanda cha upande wa pili, akaanza safari ya kurudi Sudbury.