Kusoma faili: read() au mmap()?

Kuna mjadala usiokwisha kati yetu tunaoandika programu za terminali: faili uisome kidogo kidogo kwa read(), au uiwekee ramani kwenye kumbukumbu kwa mmap()? Mimi nimeshachagua, na leo nawaeleza sababu.

Ukitumia read(), kerneli inanakili baiti kutoka akiba yake hadi kwenye bufa yako, tuseme kilobaiti 64 kwa mkupuo. Kwa mmap() kunakili huko hakupo. Faili nzima inaonekana kama safu moja ndefu ya baiti, na ukigusa ukurasa ambao haujaletwa (mara nyingi baiti 4096), kerneli inauleta. Msimbo wake ni mfupi, tena unapendeza.

Mbona basi nisiitumie kila mahali? Kwanza, si ya bure. Ripgrep, programu ya kutafuta maneno ambayo Andrew Gallant aliitoa mwaka 2016, hupendelea mmap() ukiipa faili moja au chache. Ikipekua saraka yenye maelfu ya faili ndogo inatumia read(), kwani kutengeneza na kuvunja ramani kila mara kunakula muda. Pili, paipu haiwekewi ramani. Mtu akikutumia data kutoka cat, mmap() inakataa, kwa hivyo read() utaiandika tu upende usipende.

Lakini kilichoniamulia ni logi. Nina programu ndogo ya kuhesabu makosa kwenye logi za seva. Logi hizo husimamiwa na logrotate kwa chaguo la copytruncate, yaani inanakili faili kisha inaikata ile ya awali hadi baiti sifuri, hata kama kuna anayeisoma. read() ikikuta hivyo inarudisha sifuri. Nalinganisha ukubwa kwa fstat(), namwambia mtumiaji kwamba faili imekatwa na hesabu ni pungufu. Kwa mmap(), ukigusa ukurasa uliokatwa unapata ishara ya SIGBUS, na programu inakufa papo hapo. Mtu wa zamu, saa nane za usiku, anabaki na maneno mawili tu: "Bus error". Atajuaje kama kilichoharibika ni seva, diski au programu yangu?

Faili kubwa isiyobadilika, unayorukaruka ndani yake kama faharasa, iwekee ramani bila wasiwasi. Faili ambayo mwingine anaweza kuikata wakati wowote, isome kwa read(). Kasi ni nzuri, ila anayeamshwa usiku anahitaji jibu kwanza.

Haya, turudi kazini.