Mtoto asikie akiombewa

Muhula wa pili ukielekea mwisho, shule nyingi za sekondari Kenya huita wazazi kwa siku ya maombi. Watahiniwa wa kidato cha nne husimama uwanjani na sare zao, wazazi nyuma yao wakiwawekea mikono mabegani. Kalamu na seti za jiometri huinuliwa juu, mchungaji akaziombea. Zamani siku hiyo ilikuwa muhula wa tatu, mtihani ukiwa mlangoni, hadi mwaka 2016 waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipopiga marufuku maombi na ziara za wazazi katika muhula huo ili kuzuia wizi wa mitihani. Tarehe ikasogezwa, maombi yakaendelea.

Hapa Massachusetts ninakolea wanangu, shule ya serikali haiwezi kuandaa jambo kama hilo. Mwaka 1962, katika kesi iliyotoka New York, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali haina ruhusa ya kutunga sala na kuisomesha shuleni. Wakenya wenzangu husema Marekani imemfukuza Mungu darasani. Sikubaliani nao. Mwanangu akitaka kuinamisha kichwa aombe kabla ya mtihani, hakuna wa kumzuia. Mzigo wa kumwombea mtoto umerudi kwa mzazi, na kwa maoni yangu ndiko ulikostahili kuwa.

Akina mama wa hapa wanaubeba kwa bidii. Wapo wa vikundi vya Moms in Prayer, vilivyoanzishwa na Fern Nichols mwaka 1984 huko British Columbia, Kanada. Hukutana kwa muda wa saa moja kila wiki: wanamsifu Mungu, wanatubu, wanashukuru, kisha wanawaombea watoto na walimu wao. Huchukua mstari wa Biblia wakaweka jina la mtoto ndani yake. Tena wana sharti kwamba kilichoombwa pale hakitoki nje. Nalipenda sana sharti hilo, kwa sababu nyumbani Kenya nimeona siri ya binti wa watu ikimwagwa kwenye ushirika kwa jina la ombi, na kufikia jioni soko zima linayo. Binti yule hakurudi tena kanisani. Maombi ya namna hiyo yanaumiza, na tunapaswa kuambiana hivyo waziwazi.

Wanajua pia kuomba mambo madogo. Sisi tukishamaliza mtihani, karo, ugonjwa na safari, tunasema Mungu awalinde watoto wetu, tunafunga. Mama wa hapa atamwombea mtoto anayekula chakula cha mchana peke yake, au anayeogopa kupanda basi la shule.

Lakini kuna kitu nakikosa. Mtoto anaombewa sebuleni kwa mtu, yeye akiwa darasani, na huenda asijue kamwe. Mimi nimekulia Taita, katika nyumba ambamo mama aliamka saa kumi na moja alfajiri akatutaja kwa sauti, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, kila mmoja na shida yake. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nikingoja nifikiwe. Asubuhi moja, baada ya kugombana na dada yangu, tulitajwa pamoja, kwa pumzi moja. Sikuhitaji kuambiwa nikaombe msamaha.

Tunapenda kumtaja Monika, yule mama Mwafrika wa Thagaste, Algeria ya leo, aliyevuka bahari kumfuata mwanawe Augustino hadi Milan, akaishi kumwona akibatizwa mwaka 387. Tunasifu uvumilivu wake wa kumwombea kwa machozi. Mimi hutazama jambo jingine: tunayajua machozi yake kwa sababu mwana mwenyewe ndiye aliyeyaandika. Alijua kwamba anaombewa, hata miaka ile alipokuwa hataki kusikia habari za imani ya mama yake.

Wakati wa kiangazi, saa nne ya usiku hapa ni saa kumi na moja alfajiri Taita. Tunampigia mama, naye anawaombea wajukuu kwenye simu. Safari moja kijana wangu alimkatiza: "Nyanya, mtihani wacha. Niombee rafiki yangu, wazazi wake wanaachana." Mama akauliza jina lake, akalirudia mpaka likamkaa mdomoni, ndipo akaomba. Hadi leo anamuulizia mtoto huyo.

Wanangu sasa wamekua, kwa hiyo nawauliza kwanza: nikuombee nini, na lipi libaki kati yetu? La siri nalitunza kama wale akina mama wanavyolitunza. Mengine nayaomba kwa sauti, wao wakiwapo. Nikiwa na zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, napiga simu wakati wa mapumziko, kabla hawajalala. Wazazi wenzangu wa zamu, jaribuni. Dakika mbili zatosha, hata ukiwa umesimama kwenye korido.