Kilometa Zilizorudishwa Nyuma

Fundi alichungulia chini ya boneti, akanyamaza kidogo, kisha akaniita kwa kidole. "Njoo uone mwenyewe, mwanangu."

Juu ya kava la mkanda wa taimingi palikuwa na stika ndogo iliyofubaa, imejaa maandishi ya Kijapani. Sikuelewa hata alama moja. "Maandishi achana nayo," akasema huku akiifuta kwa kitambaa chenye oili. "Soma namba." Nikasoma: 103,412 km. Akaniambia niingie ndani nitazame dashibodi. Dashibodi ilisema 86,300.

Kule Japan, mkanda huo kwa kawaida hubadilishwa gari linapokaribia kilometa 100,000, na fundi aliyeubadilisha hubandika stika yenye tarehe na kilometa za siku hiyo. Tarehe ya kwenye stika yangu ilianza na 20. Nikadhani ni 2020. Mzee akacheka. Wajapani, akanieleza, wana hesabu yao ya miaka inayofuata utawala wa mfalme wao. Ile 20 ni mwaka wa ishirini wa enzi ya Heisei. Ukitaka mwaka wetu, ongeza 1988. Maana yake mwaka 2008, kabla halijapanda meli kuja kwetu, gari hili lilikuwa limeshavuka laki moja. Mimi nilikuwa nimelinunua wiki moja tu nyuma, likiwa na "elfu themanini na sita", kwa milioni nane na nusu, na usiku ule nikamshukuru Mungu kwa bahati niliyoipata.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza la mwaka 1999. Waliokuwa vijana Dar es Salaam miaka ile hawahitaji maelezo. Lilianza kuuzwa Japan mwaka 1998, likatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko huko, na mhandisi mkuu wake, Nobuaki Katayama, alilikusudia liwe gari dogo la kifahari ambalo dereva atafurahia kuliendesha. Ulaya na Marekani walilijua kwa jina la Lexus IS. Nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Langu lina silinda sita na gia sita za mkono. Kwenye dashibodi, saa kubwa imebeba saa ndogondogo ndani yake, mfano wa saa ya mkononi ya gharama. Na jina lake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya kimo, neno hilo hilo wanalomwitia mwana wa mfalme. Kwa gari linalokwaruza tumbo kwenye kila tuta la mtaani kwetu, jina hilo lina utani ndani yake.

Nililiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi pale Mlimani, nina miaka ishirini na tatu. Lilikuwa la rangi ya fedha, limeegeshwa chini ya mti, na mwenye gari alikuwa amekaa juu ya boneti akila mahindi ya kuchoma kana kwamba amekalia benchi. Mimi nilikuwa nimebakiwa na nauli ya daladala. Sikumwonea wivu. Nilijiambia tu: iko siku.

Siku hiyo ilikuja baada ya miaka ishirini na moja, kwa simu ya dalali. "Bosi, hii gari ya mama mmoja mwalimu. Ilikuwa inaenda kanisani na kurudi." Nikalikuta Kinondoni, limepigwa polishi mpaka unajiona. Nikaliwasha, silinda sita zikanguruma kwa upole, moyo ukayeyuka. Tairi mbili za mbele zilikuwa zimelika upande wa ndani. Nikasema tairi ni kitu kidogo. Ngozi ya usukani ilikuwa imechubuka na kung'aa kama kiatu cha zamani. Nikasema huyo mwalimu alikuwa anatokwa jasho la mikono. Wahenga walishasema: akipenda, chongo huita kengeza. Dalali akatupa ndoano ya mwisho: kuna mtu anakuja kutoka Mbezi na hela mkononi. Saa nane mchana tulikuwa kwa wakili tunasaini mkataba wa mauziano.

Siku ile ya stika, mzee fundi alipofunga boneti aliniuliza swali moja tu. "Kwa nini hukuniita kabla ya kulipa?"

Nikamjibu kwamba mambo yalikwenda haraka. Lakini kutoka Ilala kwake mpaka Kinondoni ni mwendo wa bodaboda moja, na namba yake iko kwenye simu yangu tangu nilipokuwa na gari la kwanza. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojikubalia ukweli. Sikumwita kwa sababu nilijua angefungua boneti. Yeye ndiye mtu pekee niliyemfahamu ambaye angeweza kuniambia usinunue, nami sikutaka kusikia.

Nilimpigia simu aliyeniuzia, nimeshaandaa maneno makali. Hakupandisha sauti. "Kaka, mimi mwenyewe nililikuta hivyo hivyo. Ungeniuliza kama kilometa ni za kweli, ningekwambia sijui." Nikatafuta kumbukumbuni wapi nilimuuliza. Sikupaona. Niliuliza redio, niliuliza kiyoyozi, niliuliza bei ya mwisho.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu habari yote, nikitegemea pole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kidevuni. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimepaka ndevu piko. "Baba watoto," akasema, "gari limepunguziwa umri, na wewe umejipunguzia. Mmependana wenyewe, mnamlaumu nani?" Watoto walicheka kabla sijaamua kama nikasirike.

Maneno hayo yalinichoma kuliko ile stika. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, watoto watatu na ada za mihula mitatu, nikatoka kwenda kununua miaka ishirini na tatu. Aliyezirudisha nyuma kilometa za gari lile simjui. Huenda alikuwa ng'ambo, huenda yuko hapa hapa mjini. Lakini biashara yake inasimama kwa sababu kuna watu kama mimi, tunaofika sokoni tukiwa tumeshajidanganya nusu, tunatafuta wa kumalizia.

Sikuliuza. Fedha ilikuwa imeshazama, na isitoshe nililipenda kweli. Mkanda ukabadilishwa upya. Zikafuata bushi. Altezza lina mikono ya juu na ya chini kwenye kila gurudumu, mbele na nyuma. Hapo ndipo utamu wake wa kukata kona unapotoka, na hapo hapo ndipo hela inapoishia. Kila mkono una bushi zake, na matuta yetu hayajui Lexus. Nilizifahamu njia za Gerezani za kutafuta spea kuliko ninavyofahamu njia ya kwetu kijijini. Kila Jumapili, familia ikitaka kwenda mahali, mtoto mkubwa alikaa nyuma magoti juu kama panzi.

Hata hivyo sitasema nilipoteza. Kuna alfajiri nilikuwa nikitoka peke yangu kwenye Barabara ya Bagamoyo, nikipita Bunju kuelekea Mapinga kabla malori hayajaamka. Dirisha wazi, gia ya tatu inaingia kwa mlio mdogo, na gari linageuka unapofikiria tu kugeuka. Kipimo cha mwendo kinaishia 180; kwenye makazi, sheria inaniruhusu 50. Niligundua kuwa raha iko pale pale kwenye 50, na kwamba kijana wa Mlimani asingelijua hilo. Angelikimbiza gari lote akakosa kuliendesha.

Kilichobaki kwangu ni kipimo kimoja, nacho nimekitumia mara kadhaa tangu hapo. Nikitaka kitu kikubwa, najiuliza: ni nani sitaki akione kabla sijalipa? Jina linalonijia ndilo la kupigiwa simu kwanza. Kwenye kiwanja nilichotaka kukimbilia mwaka juzi, lilikuja jina la shemeji yangu anayefanya kazi ya upimaji. Kwenye mkopo, lilikuja la mke wangu. Kiwanja sikununua. Mkopo tulichukua nusu.

Baada ya miaka mitatu nililitangaza. Akaja kijana mmoja na nguo za kazi bado mwilini, akalizunguka mara mbili, macho yanang'aa. Nikayajua macho hayo. Alikuja peke yake.

Nikafungua boneti. Pembeni ya stika ya Kijapani nilikuwa nimebandika ya kwangu, kwa peni ya wino mzito: Mkanda umebadilishwa. Namba za dashibodi si za kweli, soma stika ya zamani. Akasoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaniomba nipunguze laki nane, nami sikuwa na la kubisha.

"Nenda kwanza ukamlete fundi wako," nikamwambia. "Nitakusubiri. Hakuna mtu anayekuja kutoka Mbezi."

Akacheka bila kuuelewa utani, akaanza kuondoka, kisha akageuka kama aliyesahau kitu. "Samahani, hata sijakusalimu. Shikamoo, mzee."

Nikashika kidevu changu, kilichokuwa cheupe nusu nzima.

"Marahaba," nikaitikia.